Kabla hujawasha gari, malizana na simu

Kazi yangu ni mauzo. Simu inaanza kuita kabla sijamaliza chai ya asubuhi, inatulia usiku, na katikati ya hapo nakuwa barabarani: leo Kariakoo na Mbagala, kesho Morogoro, keshokutwa Chalinze kumfuata mteja aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi. Ukiniambia nizime simu nikiingia kwenye gari nitakuitikia vizuri tu, na sitazima. Wengi tuko hivyo, tusidanganyane. Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kuipanga simu na gari mapema, ili ukishaondoka usiguse kitu, na ukilazimika kuongea uongee maneno machache urudi kwenye barabara yako.

Nasisitiza maneno machache kwa sababu watu wengi tunaamini hatari ya simu iko mkononi. Ukishaiunganisha na spika za gari, mikono yote miwili ikawa kwenye usukani, unajiona umemaliza. Waliochunguza jambo hili wanasema vingine. Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani walichapisha kwenye New England Journal of Medicine utafiti wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walikuta kwamba hatari ya kugonga wakati wa kuongea na simu inapanda karibu mara nne, na waliokuwa na vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Baada ya hapo David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wamefanya majaribio mengi yanayoonyesha kwamba dereva aliyezama kwenye maongezi anaweza kukitazama kitu kilicho mbele yake asikione. Jicho limefika, akili iko kwa mteja.

Amri za sauti nazo zina lake. Mwaka 2015 watafiti wa Utah, kwa kazi waliyoifanyia taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walitoa matokeo kwamba dereva akishamaliza kuiamuru simu au gari kwa sauti, akili yake inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu. Piga hesabu: kwa mwendo wa 50, ambao ndio kikomo chetu kwenye maeneo ya makazi, sekunde hizo ni mita 375. Kwa mwendo wa 80 ni mita 600. Kati ya hapo kuna zebra ngapi, na bodaboda wangapi wanaotokea kushoto bila taarifa?

Kuna anayeuliza, mbona tunaongea na abiria kila siku? Abiria anaiona barabara. Lori likianza kukuhamia anakaa kimya mwenyewe, au anakwambia "angalia huyo". Aliye kwenye simu yuko sebuleni kwake Tabata, hajui kama uko kwenye kipilefti au umepaki, na ukinyamaza sekunde mbili anasema "haloo, haloo, unanisikia?"

Halafu ongeza na desturi zetu. Simu ya Mswahili haianzi na jambo lenyewe. Inaanza na habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mvua imenyesha huko? Akipiga mama mkwe ni shikamoo, marahaba, kisha taarifa ya kila mgonjwa ukoo mzima. Huwezi kumwambia mtu mzima "fupisha". Simu ikiwa mkononi, mkono unachoka, trafiki anaonekana kwa mbali, unajikuta unatafuta namna ya kuaga. Ikiwa kwenye spika za gari hakuna cha kukushtua. Unapokea simu Ubungo, unakuja kuzinduka uko Kibamba, na Kimara hukumbuki uliipitaje.

Kwa hiyo mimi nina sentensi moja, na naisema mara tu baada ya salamu ya kwanza: "Shikamoo mama. Niko barabarani naendesha, nikifika nakupigia tuongee vizuri." Wengi wanaogopa kuonekana hawana adabu. Jaribu uone. Wazee ndio wepesi kuliko wote kukata simu wakisikia unaendesha, tena wanakukata wewe na dua juu: "Haya mwanangu, weka simu chini, Mungu akufikishe." Wagumu ni wateja na marafiki. Kwa mteja nasema, "Bosi, nipe dakika kumi nipaki nikuandikie oda yako bila kukosea." Oda ya katoni arobaini hailetwi na mtu anayehangaika na lori la mchanga, na mwenye duka analijua hilo.

Kazi ya vifaa vyote nitakavyovitaja chini, kwa mtazamo wangu, ni kukuwezesha kusema sentensi hiyo bila kuitafuta simu mfukoni. Ukivinunua ili uendeshe kikao cha mauzo kuanzia Mlandizi hadi Chalinze, umenunua ajali kwa bei ya rejareja.

Vifaa, na gari zetu za Japani

Makala nyingi za wenzetu huko nje zinaanza na gari jipya lenye kioo kikubwa na kitufe cha sauti kwenye usukani. Sisi tuna IST, Vitz, Passo, Noah, Premio, zimetumika Japani miaka kadhaa ndipo zikapanda meli. Tuanzie hapo.

Njia ya bei rahisi ni kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, wengine wanakiita transmita. Kinaunganishwa na simu kwa Bluetooth, halafu kinarusha sauti kwa masafa ya FM hadi kwenye redio ya gari. Shida ya kwanza ni redio yenyewe. Redio nyingi za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, wakati zetu ni 87.5 hadi 108. Kama gari halina ekspanda, kile kifaa cha kuyashusha masafa yetu hadi yale ya redio ya Kijapani, unabaki na kipande kidogo cha juu, na kwa Dar es Salaam kipande hicho kina wenyewe: Clouds 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5. Ukiiweka transmita yako 88.7, mteja atakuwa anakutajia idadi ya katoni huku watangazaji wa pande zote mbili wanamchangia. Shuka chini ya 88, jaribu moja baada ya nyingine hadi upate pa kimya. Gari likiwa na ekspanda, jua inasogeza kwa kiasi gani. Ile ya 14 inaichukua 93.7 ya EFM na kuionyesha 79.7, kwa hiyo transmita ukiiweka 95.1 utaikuta 81.1. Na ukisafiri, masafa yaliyokuwa wazi Dar unaweza kukuta yana mtu ukifika mkoani. Usianze kutafuta mengine gari likitembea.

Shida ya pili ndiyo iliyonifanya niachane nayo. Maiki ya transmita iko kwenye kidude chenyewe, chini, karibu na gia. Inasikia kiyoyozi, inasikia injini, inasikia funguo zinazogongana, wewe inakusikia mwisho. Unaanza kuinama. Dereva anayeinama kuongea na gia ni afadhali angeshika simu.

Spika za masikioni? Zinafanya kazi, ila weka sikio moja tu. Ukiziba yote mawili honi ya basi linalokupita utaisikia likiwa limeshakufikia, na king'ora cha ambulensi hutajua kinatokea upande gani. Zile za waya zina tabia ya kunasa kwenye mkanda. Kuhusu wenzetu wa bodaboda wanaochomeka simu ndani ya helmeti, na akina dada wanaoishikiza kwenye mtandio, naheshimu ubunifu, lakini simu ikianza kuteleza mkono unatoka kwenye usukani wenyewe, bila hata kushauriana na akili.

Njia ninayoitumia sasa ni redio ya Android, hizi za kioo kikubwa wanazofunga mafundi wa Gerezani, Kariakoo. Hapa naomba utulie, maana wengi wanalipa pesa nzuri wanapata televisheni. Fundi atakusifia ukubwa wa kioo, kamera ya nyuma, muziki. Wewe muulize maiki iko wapi. Redio nyingi zina maiki ndogo kwenye uso wake, na nyingine zinakuja na maiki ya pembeni yenye waya mrefu ambayo fundi mvivu anaiacha ndani ya boksi au anaisokomeza nyuma ya redio. Nilipofungiwa yangu fundi aliniambia, "Bosi, hii inanasa hata ukinong'ona." Nikamwambia sawa, tujaribu. Tukawasha injini, kiyoyozi namba tatu, nikampigia dada yangu. Neno lake la kwanza: "Uko kwenye mashine ya kusaga?"

Ikabidi fundi aitoe maiki ya pembeni, apitishe waya nyuma ya dashibodi, aupandishe ndani ya plastiki ya nguzo ya kioo cha mbele, aishikize maiki juu, pembeni ya kile kibao cha kuzuia jua, ikielekea mdomoni kwangu. Kazi ya nusu saa. Tukampigia tena dada, kiyoyozi kikiwa palepale kwenye tatu. Akauliza kama nimeshatoka kwenye mashine. Hapo ndipo nikalipa. Kama nguzo ya gari lako ina maandishi ya SRS AIRBAG, mwambie fundi asipitishe waya mbele ya mfuko huo wa hewa. Na mkatalie kukata waya za redio ya zamani. Zipo soketi za kuchomeka za Toyota karibu zote, na siku ukiuza gari ukitaka kurudisha redio yake utamshukuru.

Usukani wako kama una vitufe, hakikisha redio mpya imefundishwa kuvitambua kabla hujaondoka gereji. Ni mpangilio wa dakika chache: fundi anabonyeza kitufe, anaiambia redio hiki ni cha kupokea simu, hiki cha kukata, hiki cha sauti. Kitufe cha kupokea kikiwa kwenye dole gumba hutakuwa na sababu ya kunyoosha mkono kwenye kioo.

Waliobaki na redio ya Kijapani iliyokuja na gari wasiikimbilie kuitoa. Nyingine zina Bluetooth nzuri na maiki iliyofungwa kiwandani mahali panapofaa. Tatizo ni maandishi. Fungua Google Lens, elekeza kamera kwenye kioo cha redio, utaona tafsiri juu yake. Tafuta alama ya simu au ya Bluetooth, na ikidai namba ya siri jaribu 0000 au 1234. Jihadhari tu na betri. Baadhi ya redio hizo zikikatiwa umeme zinajifunga, zinadai namba ya siri ya kuzifungulia au kadi ya ramani iliyobaki Yokohama, na fundi anayekuja kukubadilishia betri hana habari. Mwambie mapema atumie betri ya pili kuushikilia umeme wakati anabadilisha.

Laini mbili, namba tatu, na Siri asiyejua Kiswahili

Umeshaunganisha. Unasema "piga simu kwa fulani" na gari linakuuliza maswali. Sehemu hii sijaiona ikiandikwa kokote, labda kwa sababu wanaoandika wanatumia laini moja.

Simu zetu nyingi ni za laini mbili, na wengi tumeacha mpangilio wa "uliza kila mara" ili tuchague laini yenye dakika. Ukipiga kwa sauti, simu inatii, halafu inasimama na kukuuliza kwenye kioo: laini ya kwanza au ya pili? Gari limekaa kimya, wewe unadhani mtandao, unaichukua simu kuangalia. Kazi yote imekwenda na maji. Ingia kwenye mipangilio ya laini, chagua moja iwe ya kupigia simu zote, na bando la dakika liweke humo. Ukifika unaweza kurudisha.

La pili ni anayepigiwa. Shemeji yangu ana namba tatu, kila mtandao na yake, zote chini ya jina moja. Ukisema "piga shemeji" utasomewa namba tatu tarakimu kwa tarakimu. Kwa watu unaowapigia sana, weka namba moja kuwa ya kawaida, au wahifadhi mara mbili kwa majina tofauti.

La tatu ni majina yenyewe. Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, hajafundishwa Kiswahili. Msaidizi wa Google kwenye gari, kwangu, namwongelesha kwa Kiingereza. Maana yake unatamka jina la Kibantu au la Kiarabu katikati ya sentensi ya Kiingereza kwa mashine inayosubiri Michael. Mwanaidi hampati. Nyamizi hampati. Mwakyusa anampata siku moja anampoteza nyingine. Majina mafupi yenye silabi zilizo wazi kama Juma, Asha na Neema yanapita. Kwa hiyo kwenye simu yangu wale kumi na wawili muhimu nimewapa majina ya kazi: mmoja ni "Boss", mwingine "Depot", mke wangu "Home", fundi "Garage". Kwenye Android na iPhone kuna sehemu ya jina la utani chini ya jina halisi, liweke hapo, jina lake la heshima libaki lilivyo. Siri pia unaweza kumfundisha kwamba fulani ni mama yako au kaka yako, halafu unasema tu "call my mother". Yatoe maua na mioyo yaliyobandikwa kwenye majina. Na kama una Hamisi sita, Hamisi Rangi, Hamisi Mbezi, Hamisi Mpya, tafadhali wapange upya siku ya Jumapili, wala usisubiri uwe Tazara saa mbili asubuhi.

Yule mwanamke wa ramani na matamshi yake ya Shekilango na Kijitonyama utamzoea. Ila pakua ramani ya eneo kabla ya safari, na weka mahali unapokwenda ukiwa bado umepaki. Bando likikatika porini, ramani iliyopakuliwa inaendelea. Msaidizi wa sauti anayetegemea mtandao anakuwa bubu.

Kwa kuandika, hali ni tofauti na inafurahisha. Google iliingiza Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Kinaelewa Kiswahili cha kawaida vizuri kuliko nilivyotarajia, ila ukiingiza maneno ya mtaani kinakutungia mashairi. Tatizo ni kwamba kwa simu nyingi lazima ubonyeze ile alama ya maiki kwenye kibodi, na ukishabonyeza utataka kusoma imeandika nini. Hiyo ni kazi ya kufanya sheli. Napaki pembeni, nasema ujumbe mitatu minne kwa mkupuo, natuma, naondoka. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao ni hivyohivyo, kubonyeza na kushikilia ni kushika simu.

Kusomewa ujumbe unaoingia nimekuzima kabisa. Sauti ya Kiingereza inayosoma Kiswahili inakulazimisha kusikiliza kwa nguvu zako zote ili uelewe, na hapo ndipo akili inapoondoka barabarani. Jaribu kusomewa kundi la kamati ya harusi, ahadi za michango na namba za kulipia, kwa lafudhi ya California. Hutaelewa hata nani kalipa.

Badala yake washa ile hali ya kuendesha. Kwenye iPhone inaitwa Driving Focus, na simu nyingi za Android zina ya kwao ya kuzuia usumbufu ukiwa kwenye gari. Iruhusu ipitishe simu za watu wachache uliowachagua, wengine wote wasubiri. Pale inaporuhusu jibu la moja kwa moja, futa ule ujumbe wa Kiingereza uliokuja nao na uandike wa kwako. Kumbuka utamfikia bosi, utamfikia mkwe, utamfikia na anayekudai, kwa hiyo uwe wa heshima kwa wote. Wangu unasema: "Habari. Naendesha gari kwa sasa, nitakupigia nikifika. Samahani kwa usumbufu." Anayedai hafurahi, lakini hana la kusema.

Jambo dogo la mpangilio: ukiunganisha na simu ikawa inapiga muziki kwenye spika za gari lakini ikipigwa sauti inatokea kwenye simu yenyewe, fungua Bluetooth ya simu, gusa jina la gari, utaona vitu viwili tofauti, cha simu na cha muziki. Cha simu kimezimwa. Kiwashe, na ruhusu gari lisome majina.

Simu yenyewe iweke wapi? Kishikio cha kunyonya kioo hakidumu na jua la Dar, kinaachia siku gari limekaa juani na simu inaangukia kwenye pedeli, mahali pabaya kuliko pote. Juu ya dashibodi simu inachemka mpaka inajizima. Mimi naiweka kwenye kishikio cha tundu la kiyoyozi, upande wa chini wa macho, mbali na mfuniko wa airbag.

Trafiki, abiria na siri zako

Kuhusu sheria nitapita haraka. Kenya, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinataja faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Ndugu zetu walioko Uingereza wao tangu Machi 2022 wakishika simu kwa sababu karibu yoyote, hata wamesimama kwenye mataa, ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Kuongea bila kushika kunaruhusiwa, lakini polisi akiona huliongozi gari vizuri anaweza kukushtaki hivyohivyo. Hapa kwetu trafiki akikukuta na simu sikioni, maelezo yako yataanza na samahani.

Linalosahaulika ni kwamba spika za gari hazina siri. Ukimpa lifti bosi, au una mama mkwe kiti cha nyuma, mtu akipiga atasikika gari zima kabla hujasema haloo. "Kaka, ile laki mbili yetu vipi?" Mimi nikiwa na mgeni nazima Bluetooth kabla hajapanda. Kama lazima nipokee, neno la kwanza ni "niko na watu kwenye gari," na aliye upande wa pili akiwa na akili anaelewa. Adabu inakwenda pande zote mbili: ukimsikia mwenzako ana mwangwi na ngurumo, muulize kama anaendesha, akisema ndiyo muage wewe.

Kuna na hii ya nyumbani. Simu ikishalizoea gari inajiunganisha yenyewe gari likiwashwa. Jioni moja nilikuwa barazani naongea na rafiki, mke wangu akawasha gari uani alisogeze, sauti ikanikatika sikioni. Rafiki akaendelea na habari zake za mahusiano, ndani ya gari, madirisha wazi, majirani wapo. Kwa bahati alikuwa anamsifia mchumba wake. Tangu hapo, kama simu inaongea na gari liko karibu, anayetaka kuliwasha anapiga hodi kwanza.

Siku ya kuuza gari, au ukirudisha la kukodi, ingia kwenye redio ufute simu yako na orodha ya majina. Redio nyingi zinanakili namba zote na historia ya simu, na kuitenganisha simu upande wako tu si mara zote kunazifuta kule. Mnunuzi wa Noah yangu ya kwanza nilimwonyesha mwenyewe nikifuta, na nikamwonyesha majina mengine ya Kijapani yaliyokuwemo tangu bandarini. Tukayafuta pamoja na hayo.